Manowari za Mataifa Makubwa Ugenini: Ulinzi au Uonevu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila manowari za taifa kubwa zinapotia nanga karibu na pwani ya nchi ndogo, ubishi huanza upya. Wapo wanaosema zimekuja kulinda njia za biashara, na wapo wanaosema ni ubabe mtupu. Majibu yaliyo hapa yana msimamo: nchi ndogo ina haki ileile iliyo nayo nchi kubwa, na haki hiyo imevunjwa baharini mara nyingi mno kiasi kwamba wasiwasi wa wanyonge haupaswi kubezwa. Hata hivyo si kila meli ya kivita inayoonekana upeoni imetumwa kuonea mtu, na anayeshindwa kutofautisha hawezi kuwatetea wanaoonewa kweli.

## Kwa ufupi, je, kuwapo tu kwa manowari hizo ni uonevu?

Kuwapo tu, hapana. Bahari kuu haina mwenyewe, na meli ya taifa lolote ina haki ya kupita. Cha kuuliza ni nani amezialika, ziko umbali gani kutoka pwani, na zimekuja wakati gani zikiwa na dai gani. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Barabara ni ya umma, lakini mtu anayekudai akisimama barabarani mbele ya mlango wako na rungu mkononi, siku ileile uliyokataa kumlipa, hawezi kujitetea kwamba anapunga upepo.

Manowari hugeuka chombo cha uonevu pale nchi ndogo inapotakiwa kutoa kitu, kiwe kisiwa, mkataba, eneo la kuvua au hata mtawala wake, na meli ikawekwa pale ili nchi hiyo isithubutu kukataa. Hati ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1945, kifungu cha 2(4), haikatazi kutumia nguvu pekee. Inakataza pia kutishia kuitumia. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayozihusu manowari zaidi, kwa sababu kazi kubwa ya manowari hufanyika bila kufyatua hata risasi moja.

## Sheria inaziruhusu kusogea hadi wapi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwaka 1982 na kuanza kutumika 1994, unaipa nchi ya pwani maili 12 za baharini, yaani kama kilomita 22, kuwa sehemu ya himaya yake. Meli za kigeni zinaweza kupita humo mradi zipite moja kwa moja bila kuleta madhara. Kufanya mazoezi ya silaha, kurusha ndege au kupeleleza kunaiondolea meli haki hiyo, na nyambizi inatakiwa ielee juu ya maji na kuonyesha bendera yake.

Nje ya hapo, hadi maili 200, ni ukanda wa kiuchumi: samaki, mafuta na gesi ni mali ya nchi ya pwani, lakini kusafiri ni huru kwa wote. Je, luteka za kijeshi zinaruhusiwa humo? Hapo ndipo penye mgogoro. Brazili na India zilitamka kwamba mazoezi ya kijeshi katika ukanda wao yanahitaji idhini yao. Marekani inakataa tafsiri hiyo, na tangu 1979 ina mpango maalumu wa kupeleka manowari mahali ambapo inaona nchi imedai bahari kupita kiasi. Mpango huo hauchagui maadui tu. Aprili 2021 manowari USS John Paul Jones ilipita katika ukanda wa India karibu na visiwa vya Lakshadweep bila kuomba idhini, na jeshi la majini la Marekani likalitangaza jambo hilo waziwazi. Delhi, ambayo ni rafiki, ililalamika.

Kinachouma ni kwamba Marekani yenyewe haijauridhia mkataba huo wa 1982. Serikali zake tangu Rais Reagan zimesema zinaufuata kama desturi ya kimataifa, na kwa kiasi kikubwa zimefanya hivyo, lakini anayesimamia sheria kwa mizinga alipaswa kwanza kuitia saini.

## Kuna mahakama iliyowahi kulijibu swali hili?

Ipo, na majibu yake yanafaa kujulikana zaidi kuliko yanavyojulikana.

Kesi ya kwanza kabisa ya mabishano kusikilizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikuwa hiihii: Uingereza dhidi ya Albania. Mei 1946 mizinga ya pwani ya Albania ilizifyatulia manowari za Kiingereza katika mlangobahari wa Corfu. Oktoba 22 Uingereza ikapitisha manowari nyingine ili kuonyesha kwamba haki ya kupita bado ipo, mbili zikagonga mabomu yaliyotegwa majini, na mabaharia 44 wakafa. Mwezi uliofuata Uingereza ilirudi, ikaingia maji ya Albania bila ruhusa na kuyafagia mabomu hayo, ikidai inakusanya ushahidi.

Hukumu ya 1949 iliwagawia wote wawili. Albania ilipatikana na hatia kwa kutotoa tahadhari ya mabomu hayo, na ile safari ya Oktoba ikaonekana halali: kuonyesha kwamba una haki si kosa. Lakini ule ufagiaji wa Novemba ulikuwa uvunjaji wa mamlaka ya Albania. Mahakama ilieleza kwamba haki ya kujichukulia hatua kwa nguvu, kama ingekuwapo, ingekuwa ya mataifa yenye nguvu peke yake. Sioni hoja inayoushinda uzito wa hiyo katika mjadala huu wote. Haki inayoweza kutumiwa na wenye meli kubwa tu si haki.

Kesi ya pili ni ya Nikaragua. Mwaka 1984 bandari zake, ikiwemo Corinto, zilitegwa mabomu kwa maelekezo ya shirika la ujasusi la Marekani. Juni 1986 Mahakama iliamua kwamba Marekani imevunja sheria. Marekani ilikuwa imekwisha kujitoa katika kesi, na Nikaragua ilipoipeleka hukumu hiyo kwenye Baraza la Usalama, ilikutana na kura ya turufu. Lakini katika hukumu ileile kuna jambo ambalo watetezi wa nchi ndogo hawalipendi: Nikaragua ililalamikia pia luteka za majini karibu na pwani yake, na Mahakama ikasema haikuridhika kwamba luteka hizo, katika mazingira zilimofanyika, zilikuwa tishio lililokatazwa. Kwa hiyo kuwa na hofu, hata hofu ya haki kabisa, hakutoshi mahakamani. Lazima uonyeshe tishio lenyewe.

## Kwa nini basi nchi nyingi huingiwa na hofu zikiona meli tu?

Kwa sababu zina kumbukumbu. Kwa muda mrefu kanuni ya baharini ilikuwa ni mwenye nguvu mpishe, na serikali za Ulaya na Marekani ziliifuata bila kuona haya.

Mwaka 1850 Uingereza ilizuia bandari ya Piraeus, Ugiriki, ili raia wake mmoja aliyevunjiwa nyumba alipwe fidia. Julai 1853 Kamanda Matthew Perry wa Marekani aliingia ghuba ya Edo na meli nne kuitaka Japani ifungue milango yake. Mwaka uliofuata alirudi na meli nyingi zaidi, na mkataba ukatiwa saini. Desemba 1902 Uingereza, Ujerumani na Italia zilizingira pwani ya Venezuela kudai madeni. Desemba 1914 wanamaji wa Marekani walishuka Port-au-Prince, wakachukua dhahabu ya dola 500,000 kutoka benki ya taifa ya Haiti na kuipeleka New York. Miezi michache baadaye walirudi kuitawala Haiti, wakakaa hadi 1934.

Zanzibar iliyaonja haya mara mbili. Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilisimama mbele ya kasri la Sultan Barghash, aliyekuwa amepinga Wajerumani kujitwalia nchi za bara, na ndani ya siku chache akasalimu amri bila hata mzinga kupigwa. Agosti 27, 1896, baada ya Khalid bin Barghash kukalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, meli zao zililipiga kasri kwa muda wa kama dakika 40. Upande wa Khalid, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Vitabu vingi hulitaja tukio hilo kwa sababu ya ufupi wake, kama jambo la kustaajabisha. Mimi nawafikiria hao 500.

Upinzani wa kisheria nao ulitoka kwa wanyonge. Venezuela ikiwa bado imezingirwa, Waziri wa Mambo ya Nje wa Argentina, Luis María Drago, aliandika kwamba deni la serikali haliwezi kudaiwa kwa mizinga. Mwaka 1907 mkutano wa The Hague uliikubali sehemu kubwa ya hoja yake.

## Mbona manowari hizohizo zilipiga vita utumwa na uharamia?

Ni kweli, na haifai kulificha. Kikosi cha Uingereza cha Afrika Magharibi, kilichoanza 1808, kilikamata meli za watumwa zipatazo 1,600 na kuwaokoa Waafrika wapatao 150,000. Hilo ni jema kubwa. Na ni jeshi hilohilo la majini lililoipiga Lagos kwa mizinga mwaka 1851, likamwondoa Oba Kosoko kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa, na miaka kumi baadaye Lagos ikawa koloni. Kazi njema ilifungua mlango, na aliyeingia hakutoka.

Linganisha na vita dhidi ya uharamia wa Somalia. Azimio 1816 la Baraza la Usalama, Juni 2008, liliruhusu meli za kigeni kuingia maji ya Somalia baada ya serikali ya mpito ya nchi hiyo kukubali, kwa muda maalumu uliopaswa kuongezwa upya kila ulipokwisha. Zilikuja meli za Ulaya, Marekani, China, India na Urusi. Mwaka 2022 ruhusa hiyo ilikoma. Kulikuwa na kasoro, hasa malalamiko ya Wasomali kwamba wanaoiba samaki wao hawakufukuzwa kwa bidii ileile waliyofukuzwa nayo maharamia, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini idhini iliombwa, ilipewa mipaka na ilikuwa na mwisho.

## Je, anayeonea ni Marekani peke yake?

Hapana, na anayesema hivyo anawasahau watu wengi walio taabuni leo. Marekani hutajwa zaidi kwa sababu hakuna mwingine mwenye meli 11 za nyuklia za kubeba ndege za kivita, wala makao ya vikosi vya majini katika Bahrain, Japani na Italia. Ukubwa huo unaifanya ionekane kila mahali.

Itazame China katika Bahari ya China Kusini. Inadai karibu bahari yote kwa mstari iliouchora yenyewe. Ufilipino ilikwenda kwenye baraza la usuluhishi, na Julai 12, 2016 ikashinda: madai ya mstari huo hayana msingi katika sheria. China ilikataa uamuzi. Tangu 2012 inaudhibiti mwamba wa Scarborough, ulio kama kilomita 220 tu kutoka kisiwa cha Luzon, na wavuvi waliovua hapo maisha yao yote hufukuzwa kwa maji ya mabomba yenye kasi ya kujeruhi. Wanaofanya hivyo mara nyingi ni walinzi wa pwani, si jeshi la majini, na meli zao ni kubwa kuliko manowari za nchi nyingi. Rangi nyeupe ya meli haiondoi uonevu.

Urusi nayo Novemba 2018 ilizikamata meli tatu za Ukraine na mabaharia 24 karibu na mlangobahari wa Kerch. Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliamuru waachiwe Mei 2019, nao walirudi kwao Septemba, katika mabadilishano ya wafungwa. Mwaka 2022 ilifunga bandari za Ukraine, na nafaka iliyotegemewa na nchi maskini za mbali, ambazo hazikuwa na ugomvi na yeyote, ikakwama.

Anayelaani moja ya haya na kuyatetea mengine kwa sababu ya bendera inayopepea haitetei nchi ndogo yoyote.

## Ikiwa nchi ndogo yenyewe imekubali kambi, tatizo liko wapi?

Mara nyingi hakuna tatizo, na ni dharau kuiona nchi ndogo kana kwamba haiwezi kujiamulia. Jibuti imezikodisha ardhi yake Marekani, Ufaransa, Japani na China kwa pamoja, na hulipwa kwa hilo. Ufilipino ndiyo mfano wenye mafunzo zaidi: Septemba 1991 Seneti yake iliukataa mkataba wa kambi ya Marekani ya Subic kwa kura 12 dhidi ya 11, na mwaka uliofuata Wamarekani wakaondoka. China ilipoutwaa mwamba wa Mischief mwaka 1995 na shinikizo likazidi, Wafilipino walibadili mawazo, na mwaka 2014 wakasaini makubaliano mapya ya kuwaruhusu Wamarekani kutumia kambi zao. Walikataa na wakasikilizwa. Waliita na wakaitikiwa. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi, ni kinyume chake kabisa. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Mauritius, miaka mitatu kabla ya uhuru, na kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote wakahamishwa ili Diego Garcia iwe kambi ya Marekani. Hakuna aliyewauliza. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba utengano huo haukuwa halali, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya 6. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilisaini mkataba wa kuvirudisha visiwa, huku kambi ikibaki kwa ukodishaji wa miaka 99, na Wachagosi wengi walilalamika kwamba kwa mara nyingine serikali zimeafikiana bila wao. Idhini ya serikali ni kitu cha lazima, lakini wanaoishi mahali penyewe wana idhini yao pia.

## Kama hakuna risasi iliyofyatuliwa, madhara ni yapi?

Mojawapo ni ajali. Manowari iliyo karibu na pwani ya watu, katikati ya uhasama, ina wanajeshi wenye hofu na silaha za kuua kwa sekunde. Julai 3, 1988 manowari ya Marekani USS Vincennes, ikiwa ndani ya maji ya Iran, iliitungua ndege ya abiria ya Iran Air ikidhani ni ya kivita. Watu wote 290 walikufa. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kuzilipa familia dola milioni 61.8 bila kukiri kosa.

## Nchi ndogo inaweza kulishinda jeshi la majini la taifa kubwa?

Inaweza. Iceland haikuwa na jeshi la majini, ila walinzi wa pwani wenye meli chache. Ilipopanua eneo lake la uvuvi hadi maili 12 mwaka 1958, kisha 50 mwaka 1972, kisha 200 mwaka 1975, kila mara Uingereza ilipeleka manowari kuwalinda wavuvi wake. Meli ziligongana. Waiceland walibuni kifaa cha kukata kamba za nyavu, wakakikokota nyuma ya meli zao kupita kati ya wavuvi wa Kiingereza. Silaha yao kubwa zaidi ilikuwa ya kisiasa: NATO iliihitaji kambi ya Keflavik, na Iceland ikadokeza kwamba inaweza kuifunga. Juni 1976 Uingereza ilikubali, na Januari 1977 yenyewe ikaanza kutumia maili 200. Dai la watu wapatao laki mbili na ushee limekuwa sheria ya dunia nzima.

New Zealand ilikuwa na njia nyingine. Februari 1985 serikali ya David Lange iliikatalia manowari USS Buchanan kuingia bandarini kwa kuwa Marekani haikutaka kusema kama imebeba silaha za nyuklia. Marekani ilisitisha wajibu wake wa kuilinda New Zealand, ikakasirika kwa miaka mingi, na mwishowe, Novemba 2016, ikaleta meli kwa masharti ya mwenyeji.

Uturuki nayo ina Mkataba wa Montreux wa 1936 kuhusu milangobahari yake ya kuingilia Bahari Nyeusi, unaozizuia manowari za nchi zisizopakana na bahari hiyo kukaa humo zaidi ya siku 21. Nashangaa kwamba milangobahari mingine mingi haina makubaliano ya namna hiyo.

Nchi hizi zote tatu zilikuwa na kitu ambacho mkubwa alikihitaji, au urafiki ambao aliogopa kuupoteza. Nikaragua na Haiti hazikuwa nacho. Kwa hiyo nisingemwambia yeyote kwamba ujasiri peke yake unatosha. Kwenda mahakamani pamoja, kupiga kura pamoja na kukataa pamoja kunafaa zaidi, kama Mauritius ilivyopata kura zile 116.

## Nikisikia katika habari kwamba manowari zimetumwa mahali, nianze kuuliza nini?

Anza na mwenyeji: serikali ya nchi iliyo karibu imesema nini, na wapinzani wake wanasema nini? Kisha tazama ramani, kwa sababu maili 11 na maili 60 ni mambo mawili tofauti. Halafu sikiliza maneno ya aliyezituma. Akisema anafanya doria ya kawaida huku katika wiki hiyohiyo akiitaka nchi hiyo ibadilishe mtawala au isalimishe kisiwa, yaamini madai kuliko neno doria.

Mwisho, uliza kama kuna chombo chochote kinachoweza kuamua kwamba amekosea. Tangu Septemba 2, 2025 majeshi ya Marekani yaliyokusanywa katika Karibi yamekuwa yakizipiga boti zinazodaiwa kubeba dawa za kulevya. Katika shambulio la kwanza, Rais Trump alitangaza kwamba watu 11 wameuawa. Hawakukamatwa, hawakushtakiwa, na hakuna hakimu aliyeuona ushahidi dhidi yao kabla hawajafa. Kwa karne nyingi walinzi wa pwani wa nchi zote wamesimamisha vyombo, wakavipekua na kuwapeleka watu mahakamani, Marekani yenyewe ikiwemo. Serikali za eneo hilo zinazodai maelezo kuhusu majina ya waliokufa na sheria iliyotumika zina haki ya kujibiwa.